Jinsi Nilivyoijenga Timu ya Taifa Kutoka Mbagala

Jumatano, 3 Juni
Timu ya taifa imefungwa tena. Kijiweni kila mtu anamlaumu kocha. Mie peke yangu najua tatizo: vipaji havitafutwi huku chini. Na chini ni hapa Mbagala. Chini ni kwangu, Kocha Valerian!

Shida ni kwamba vijana wote wazuri wanachezea timu ya Faraji, ng'ambo ya barabara. Huwapa chai na maandazi baada ya mazoezi. Rushwa! Kwangu wamebaki wachache, tena mmoja ana pumu.

Kwa hiyo nimetangaza: Jumamosi skauti wa timu ya taifa anakuja kuangalia vijana wangu. Wangu tu. Hadi jioni nusu ya timu ya Faraji imehamia kwangu. Raha iliyoje!

Sasa natafuta skauti.

Alhamisi, 4 Juni
Nimempata. Shemeji Albano, kaka wa mke wangu Marietha, mchonga vinyago wa Mwenge. Mpira haujui hata kidogo. Aliwahi kuniuliza kwa nini kila mchezaji asipewe mpira wake, wakaacha kugombana. Lakini ana sura ya serikali. Amekataa, nimembembeleza, amekubali kwa sharti kwamba hataongea. Nikasema safi, akunje uso tu kisha aondoke.

Jumamosi, 6 Juni
Uwanja ulifurika. Kina mama walikuja na viti vyao. Faraji alisimama nyuma ya goli, kanuna. Albano alikunja uso vizuri mno, mpaka mimi nikamwogopa.

Halafu Fredrick, winga wa kushoto, akawapita mabeki wote na kufunga. Kelele! Albano akasahau sharti lake. Akaingia uwanjani, akamshika kijana bega: "Wewe! Jumatatu kambini!"

Kambi ipi? Nilimuuliza baadaye. Akasema, "Shemeji, mori ulinipanda. Miguu ya yule kijana imechongwa ikachongeka."

Fredrick alipiga magoti akalia. Mama yake, Jovina, akapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi. Nilipiga makofi!

Jumapili, 7 Juni
Nilikwenda kwao kusema ukweli. Niliapa njia nzima.

Nikakuta pilau. Mama Fredrick kachinja jogoo, kaniita baba mlezi mbele ya majirani. Fredrick, huku akicheka, akaniambia ameshaacha kazi kule Mikocheni, kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki. Kampigia simu msimamizi, kamwambia taifa linamwita. Na kazi ile ndiyo inayolisha nyumba nzima.

Nikafungua mdomo niseme. Mama Fredrick akaniwekea paja la kuku. Nikala. Akaniongezea. Nikala tena. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile huku nikitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 8 Juni
Asubuhi hodi. Fredrick, na begi, viatu kavisugua vinang'aa. Shikamoo kocha, basi la kambi linapita wapi?

Marietha alikuwa nyuma yangu. Alishajua. Albano hawezi kumficha dada yake kitu. Akasema, "Baba Noela, mjibu mtoto wa watu."

Nikasema yote. Nilikuwa nikiangalia ndala zangu.

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kocha, mie si mzuri?" Nikamwambia ni mzuri, tena sana, ila yule ni mchonga vinyago. Akakaa kizingitini, begi mapajani.

Aliyekuja kumchukua ni Faraji. Kanipa salamu, kabeba begi, kampeleka kwa mama yake wakaongee. Salamu ile iliniuma kuliko kofi. Vijana wote wamerudi kwake. Hata mwenye pumu.

Marietha kaniamuru kesho niende kiwandani kumwombea Fredrick kazi yake. Niseme ukweli mtupu, bila chumvi.

Jumanne, 9 Juni
Mikocheni. Fredrick alibaki getini, mie nikaingia. Msimamizi, Bwana Wilfred, ana macho makali. Ukweli nilikuwa nao mdomoni kabisa. Akaniuliza mie nani.

Nikasema mimi ni daktari wa timu ya taifa.

Sijui lilitokea wapi! Nikaendelea: kijana tumemrudisha kwa sababu ya nyonga, ila kazi ya kiwandani ataimudu vizuri. Bwana Wilfred akalainika. Akasema anayeumia kwa ajili ya taifa hafukuzwi. Kesho aingie zamu.

Getini nikamwambia Fredrick kwamba ukweli umetuokoa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kanisamehe. Nilishindwa kumtazama usoni. Aibu imenikaa kifuani hadi sasa, na safari hii naapa nimejifunza.

Ila kabla sijatoka ofisini, Bwana Wilfred alifunga mlango, akapandisha suruali na kunionyesha goti linalomsumbua tangu mwaka jana. Nikalibonyeza. Akaguna. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Ijumaa nitamletea dawa ile wanayotumia mabeki.