Majina ya Njiani

Alhamisi, 12 Septemba. Kibiti.

Naanza safari ya miguu kwenda Ngorongo, kwenye ziara ya kaburi la babu. Nina miaka sitini na saba. Tuliondolewa bondeni baada ya mafuriko, nikiwa na kumi na moja. Tangu hapo Mbagala.

Mwanaharusi, mtunza makaburi, ametamka: aliyehama akija kwa gari ni mgeni. Akija kwa miguu ni mwenyeji, na mwenyeji huzikwa pale. Kando ya mama yangu imebaki nafasi moja. Binamu yangu Sufiani naye anaitaka, maana mama alikuwa shangazi yake na ndiye aliyemlea. Ana miaka sabini na moja. Asubuhi kaniambia nitangulie, yeye atafuata pole pole, akizungumza na goti lake.

Desturi ni kupita nyumba za njiani, kupokea majina ya marehemu wao na kuyasoma kaburini. Sufiani kanunua daftari. Mimi sikununua. Watu hufa kila mahali. Majina si shida.

Saa tano. Nimetembea kilomita nne. Kwa usahihi, tatu na nusu. Nimepanda bodaboda mpaka Mkongo. Sijutii. Waliotuondoa walitupakia kwenye lori. Leo nani ana haki ya kunidai miguu?

Ijumaa, 13 Septemba. Mkongo.

Nimejificha uani kwa Hemedy, muuza chai. Msikitini sikwenda, nisije nikaonekana. Nimejipaka vumbi miguuni. Hemedy kanitazama sana, kisha kaniuliza kwa adabu, mzee, imekuwaje vumbi limekaa mbele tu, nyuma pasafi. Nimemwambia nilikuwa natembea kwa kasi.

Jumamosi, 14 Septemba. Ngorongo.

Bodaboda tena, kasoro kilomita ya mwisho. Kilomita hiyo nimeitembea kwa heshima zote. Nimepaona palipokuwa na mlango wetu. Pana mtama. Nimesimama pale zaidi ya nilivyopanga.

Sufiani kafika magharibi, anachechemea, anacheka. Kila nyumba ilimpa maji na habari. Nyumba moja walimkumbuka mama. Sikuuliza ni ipi.

Jumapili, 15 Septemba.

Aibu. Naiandika kwa ufupi.

Sufiani kasoma majina arobaini na moja. Watu walilia. Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimetunga sita, Kijakazi wa Mkongo, Ismaily wa njia panda, na kadhalika. Kufika la sita, kichwa kikawa kitupu. Jina pekee lililonijia nikalitamka: Hemedy, muuza chai, Mwenyezi Mungu amrehemu.

“Amina,” mtu akaitikia nyuma yangu. “Ila mzee wangu, juzi chai nilikumiminia mwenyewe.”

Alikuja na gari la asubuhi. Nani angejua wauza chai nao huzuru makaburi?

Walicheka mpaka wakaketi chini. Mwanaharusi hakucheka. “Abdulhalim bin Mashaka,” akasema, “siku ile ya maji mama yako alitembea na mdogo wako mgongoni, na wewe amekushika mkono. Lori alilikuta mbele. Rudi Kibiti uanze upya. Nafasi itakungoja siku saba.”

Siku saba hizo kaziomba Sufiani. Wema wa kuudhi.

Jumatatu, 16 Septemba.

Nimetafakari. Kosa langu halikuwa bodaboda. Kosa lilikuwa kukosa orodha.

Sufiani kaenda kuswali alasiri, daftari kaliacha wazi juu ya mkeka, na kalamu kando. Nimenakili yote. Hemedy kakubali nijifiche uani kwake siku sita. Kasema marehemu mwenzake anakaribishwa.

Jambo moja. Jana yalikuwa majina arobaini na moja. Leo yamefika arobaini na mawili, na la mwisho wino wake bado mbichi: Abdulhalim bin Mashaka, wa Mbagala.

Mbagala ni kubwa. Wenye jina hilo hawakosekani. Mungu amrehemu, yeyote aliyekuwa. Nitamsoma wa kwanza, tena kwa sauti.