Mfereji Ambao Haujawahi Kuziba

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetoka makao makuu na muhuri wako mfukoni; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mifereji, Maji ya Mvua na Mambo Yanayofanana na Hayo, ambayo mimi ndiye Mwenyekiti wake kwa awamu ya tatu mfululizo bila kupingwa, maana aliyetaka kunipinga alihama; Mwalimu Mkuu uliyetuazima darasa hili pamoja na ubao wake wenye hesabu za watoto, ambazo naomba zisifutwe; mabwana na mabibi wa mtaa wa juu; ndugu zetu wa mtaa wa chini mliokuja na viatu mikononi; baba watoto wangu uliyekaa karibu na mlango ili uwahi kuondoka; na kwa namna ya pekee kabisa, naomba asimame tumwone, Injinia, msomi mwenye digrii, binti yangu niliyemzaa mwenyewe bila msaada wa kamati yoyote: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Injinia hasimami.)

Anaona haya. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Mfereji juuu!

(Kinyozi, kutoka nyuma: "Mfereji ukiwa juu utapitisha nini, mama? Si uwe chini?" Vicheko.)

Kinyozi, subiri kipindi cha maswali, ambacho kwenye ratiba hakipo. Ndugu wananchi, tumekusanyika asubuhi hii kuzindua, kukabidhi na kufunga rasmi, vyote kwa mpigo mmoja ili kubana muda, Mradi Shirikishi na Endelevu wa Mfereji wa Maji ya Mvua, wenye urefu wa mita mia nne na ishirini, kuanzia kwa kinyozi hadi bondeni. Kilichobaki ni kidogo kuliko punje ya mtama: Injinia atie sahihi kwenye cheti cha kukamilika, mgeni rasmi apige muhuri, tukanywe chai. Na Injinia aliyepangiwa kazi hiyo, kwa mipango ya Mungu na ya makao makuu, ni mwanangu. Mnataka nini tena?

(Mvua inapiga bati. Mwenyekiti anapaza sauti.)

Lakini kabla ya sahihi kuna hoja. Juzi kwenye warsha ulizuka mjadala mzito: haya mafuriko ya mji wetu yanaletwa na mabadiliko ya tabianchi, au yanaletwa na mifereji mibovu? Watu wazima walishikana mashati. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, siifichi, ila nimehudhuria warsha kumi na nne na vyeti vyote ninavyo, viwili vina picha yangu, kwa hiyo nasema kwa mamlaka kwamba ni tabianchi, yaani klaimeti chenji, kama wanavyoiita wenye projekta. Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilipiga hodi. Kwanza wingu, halafu upepo, halafu manyunyu, na mtu unapata nafasi ya kuanua nguo na kumsengenya jirani ambaye hajaanua zake. Hii ya siku hizi inaingia kama mkwe mwenye madai. Na takwimu za kamati, zilizochakatwa kwa mchakato wa kitaalamu, zinaonyesha kwamba katika kila wakazi kumi wa mtaa wa chini, kumi na mmoja wamelowa.

(Fundi cherehani, mama wa mtaa wa chini mwenye utepe wa kupimia shingoni: "Huyo wa kumi na moja ni nani?")

Ni wewe, fundi. Wewe umelowa mara mbili.

(Vicheko. Fundi cherehani anasimama: "Kucheka tutacheka, Mama Injinia, lakini cherehani yangu leo iko juu ya matofali manne. Mwaka jana yalikuwa mawili. Sare za watoto wa shule hii hii zimeniozea dukani. Nauliza kitu kimoja tu: hicho cheti kikishapigwa muhuri, nani atarudi huku kwetu kuchimba?")

Swali zuri sana, nami nitalijibu kitaalamu, yaani sitalijibu moja kwa moja. Kama shida ingekuwa mfereji, basi tungeona kasoro kwenye mfereji, sivyo? Sasa sikilizeni ripoti ya robo mwaka, niliyoiandika kwa mwandiko wangu huu huu ambao hata Mwalimu Mkuu aliwahi kuusifu. Mfereji wetu, tangu uanze kuonekana kwenye ripoti, haujawahi kuziba hata siku moja. Chupa za plastiki zilizokutwa ndani yake ni sifuri. Watoto waliotumbukia ni sifuri, mbuzi sifuri, walevi sifuri. Mbu waliozaliana humo hawapo. Nyufa hazipo. Nitajieni mji mmoja chini ya jua wenye mfereji wa tabia njema kama huo! Kwa hiyo, kama mfereji hauna hatia na bado cherehani inapanda matofali, mkosaji ni nani? Ni tabianchi!

(Wajumbe wa kamati wanapiga makofi. Maji yanaingia kwa chini ya mlango. Baba watoto anainua miguu.)

Hayo msiyaguse, ndiyo hayo ninayoyasema. Sasa niongee kidogo kuhusu Injinia wetu. Kidogo tu.

(Baba watoto: "Fupisha, mke wangu.")

Nafupisha, naanzia alipozaliwa. Mtoto huyu alizaliwa macho wazi, anakagua chumba. Alipokuwa na miaka sita alivunja birika langu. Hakuna aliyemwona, na paka alikuwa karibu, angeweza kumsingizia. Akaja jikoni na kishikio chake mkononi, akaniambia, "Mama, nimelivunja mimi, na kifuniko nimekificha uvunguni." Nikainua mkono nimchape, mkono ukakataa. Nikamwambia, mwanangu, ukweli ni huo huo, uendelee nao hata kwa wakubwa. Huko chuoni mwalimu wake alikosea akamwongezea alama, naye akaenda kuzirudisha! Alama, jamani! Nani kati yenu amewahi kurudisha alama? Mtoto huyu hajasema uongo tangu aote meno, na anayebisha tukutane hapo nje. Mheshimiwa mgeni rasmi, akikwambia kitu kipo, kipo. Akikwambia hakipo, usihangaike kukitafuta. Picha yake ya mahafali, na joho na ile kofia ya pembe nne, imejaa ukuta mzima wa sebule yangu mpya. Nani hajaiona?

(Darasa zima: "Tumeiona!")

Mara ngapi?

("Kila siku!")

Basi njoo, mwanangu. Kalamu hii hapa.

(Injinia anakuja mbele, maji yakimfika vifundoni. Anapokea kalamu. Anaisoma karatasi mstari kwa mstari. "Shikamoo, mama.")

Marahaba, mwanangu. Ni hapo chini, penye vidoti.

("Jana nilitembea kutoka kwa kinyozi hadi bondeni, mama. Leo asubuhi nikarudia. Mfereji sikuuona.")

Ulivaa miwani?

("Nilivaa.")

Ni mfereji wa kisasa, hauonekani ovyo ovyo.

("Mama, hapo kwenye mvua warsha ilikwambia kweli. Tabianchi imebadilika, mvua imezidi. Lakini mvua ikizidi ndipo mfereji unapohitajika zaidi. Wewe umeigeuza mvua kuwa sababu ya kutokuwa nao." Fundi cherehani: "Waambie, binti!" Injinia anaweka kalamu mezani. "Siwezi kutia sahihi kwenye kitu nisichokiona. Ni wewe uliyenifundisha, siku ile ya birika.")

(Mgeni rasmi anatoa muhuri mfukoni, anautazama, anaurudisha. Anachukua daftari. "Mwenyekiti, ripoti yako inasema mfereji upo. Binti yako anasema haupo. Kuna mwongo mmoja hapa. Niandike nani?")

Mheshimiwa, ngoja. Nipeni maji ninywe kwanza.

(Kinyozi: "Yako miguuni, mama.")

Ndugu wananchi. Uenyekiti nina awamu tatu. Umama nina miaka ishirini na tisa. Sasa huyu bwana anataka kuandika, kwenye daftari lenye nembo, mbele ya mtaa mzima, kwamba labda mwongo ni mwanangu. Huyu aliyerudisha alama! Bwana mkubwa, weka hiyo kalamu chini. Iweke kabisa! Mwanangu akisema mfereji haupo, haupo. Haujawahi kuwapo. Usingeweza kuziba, maana haujatobolewa. Asingetumbukia mbuzi, maana hapakuwa na pa kutumbukia. Niandike mimi, na uandike vizuri!

(Makofi makubwa, kisha minong'ono.)

Tena nimalize, nikiacha nusu huyu binti atamalizia. Mawe yalikuja. Saruji ilikuja. Tukaihifadhi kwangu isinyeshewe, kwa nia njema kabisa. Lakini saruji, jamani, ina tabia yake: ikikaa inaganda. Nayo iliganda ikiwa na umbo la sebule.

(Mtaa wa chini: "Aaaaa!")

Na ramani mkiitazama, mstari wa mfereji unapita hapo hapo, chini ya picha ya mahafali. Picha ilikuja kubwa, ukuta wangu wa zamani ulikuwa mdogo. Ningeitundika wapi?

(Injinia: "Mama…")

Usilie, mwanangu, hii ni hotuba. Basi kwa mamlaka niliyonayo mpaka mgeni rasmi atakapofika ofisini kwake, natangaza kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi, wenye majembe na sururu, mje kwangu. Jiwe la kwanza nitaling'oa mwenyewe. Mawe yaende yalikotumwa, na Injinia asimamie, maana kwake hakuna mjumbe atakayeweka kokoto mfukoni. Picha itatundikwa dukani kwa fundi cherehani, kila mteja aione.

(Fundi cherehani: "Kwangu kuna maji, Mama Injinia. Itaoza.")

Ndiyo maana nasema tuchimbe haraka! Mfereji!

("Chini!")

Sebule!

("Chini!")

Injinia!

("Juuuu!")

Na mama yake?

(Watu wanatazamana. Kinyozi: "Katikati!")

Nimepokea. Kwa heshima na taadhima, namshukuru mgeni rasmi kwa kuja kutoka mbali kuzindua kitu ambacho hakipo. Nawashukuru wajumbe wa kamati kwa kuukagua mara nne mfereji ambao mimi mwenyewe sijawahi kuuona, na kuthibitisha kwa maandishi kwamba kina chake kinaridhisha. Nawashukuru ndugu zetu wa mtaa wa chini kwa kuyapitisha maji ya mradi ndani ya nyumba zenu kwa muda wote huo. Asanteni kwa kunisikiliza. Chai imeandaliwa kwangu, sebuleni. Mnywe upesi, kuta zingalipo.