Chesisi Yangu Haijipindi

Jumatatu, 3 Machi
Leo asubuhi nimenyang'anywa kazi ya kuunda gari la mbio la klabu. Kapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchomelea! Eti Mwenyekiti wa klabu alizikaza chesisi zetu, fremu za chuma zinazobeba gari, upande wa nyuma, akaning'iniza mzigo ule ule kona ya mbele, akapima. Ya shemeji ilijipinda nusu digrii. Yangu, tatu. Akasema yangu inakamulika kama kitambaa cha deki. Mbele za watu. Nimedai ipimwe upya, kwangu, kwa geji yangu, kipimo changu cha mshale. Atakuja Ijumaa. Shemeji kanishauri nisijisumbue, kazi ya kupaka rangi bado ipo. Rangi!

Jumanne, 4 Machi
Nimeifunga nyuma ya chesisi sakafuni kwa bolti nne. Mbele nimekaza bomba refu la kuipindia. Linahitaji kilo themanini mwishoni. Sina mzigo. Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Kwa jicho langu, themanini na mbili. Nilimwomba kwa adabu zote akalie bomba.
"Baba, nilikuoza binti," akasema. "Kilo zangu sikukuoza."
Chakula cha usiku nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mifuko miwili ya saruji, kilo mia. Bora kuliko mkwe, na haijibu. Geji nayo niiegemeze wapi? Sakafu ina nyufa, siiamini. Nimeifunga juu ya chesisi yenyewe, ncha yake ikigusa bomba lile lile ninalolipima. Imara! Nikapakia mfuko wa kwanza: mshale haukucheza. Wa pili: kimya. Nikagawanya mzigo kwa sifuri. Kikokotoo kikagoma. Ugumu wa chesisi yangu hauna namba duniani.
Mke wangu alipita, akauliza aliyebebwa mgongoni atajuaje kama mbebaji anainama. Nimemkumbusha kwamba yeye ni dada wa mpinzani wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja. Mifuko juu, mshale sifuri. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kwa muda mfupi. Shemeji akaing'oa geji bila kuomba ruhusa, akaisimamisha kwenye stendi sakafuni. Tukapakia tena. Mshale ukazunguka duara zima na kuanza la pili. Chesisi ikainamisha kona, mfuko mmoja ukateleza, ukapasukia viatu vya Mwenyekiti. Digrii tatu na robo. Mama mkwe alicheka hadi akaketi. Juu ya bomba.

Jumamosi, 8 Machi
Sikulala, nimepiga hesabu. Hila yao nimeigundua: chesisi ya shemeji haijawahi kupimwa kwa njia yangu! Nimemwandikia Mwenyekiti. Geji ifungwe juu ya chesisi ya shemeji yenyewe, kama nilivyofunga yangu. Ikitoa sifuri, tumetoka sare, na aliyetoka sare hanyang'anywi kazi. Sitaki maelezo, sitaki habari za viatu. Ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana Jumatatu.