Lori Lililokataa Kuzimika

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Wazo! Limenijia nikinywa uji. Kijiji kina lori moja na dereva mmoja, Alfonsi wa Nyangamara. Watu wote wanamwita fundi. Mimi, niliyesoma kitabu cha injini hadi ukurasa wa kumi na tisa, naitwa Huseni wa ghala. Haki iko wapi?

Kwenye pampu ya dizeli kuna kidude cha umeme, solenoidi. Ukiwasha ufunguo, kinafungua njia ya dizeli. Ukizima, kinaifunga. Chomoa waya wake, lori haliwaki ng'o! Alfonsi ataaibika, mimi nitaurudisha waya mbele za watu, na usukani utakuwa wangu. Alipokwenda kula mchana, nikachomoa. Sekunde tatu.

Kuna jambo dogo. Alhamisi lori linampeleka mama mkwe, Bi Kadija, hospitali Lindi mjini kutolewa mtoto wa jicho. Daktari wa macho yupo hadi Jumamosi tu, kisha harudi mpaka mwakani. Lakini kufika Alhamisi dereva nitakuwa mimi. Nitampeleka mwenyewe. Huenda akanipenda.

Jumanne, 4 Novemba

Halikuwaka. Raha iliyoje! Alfonsi alipiga stata mara sita. Nikajitokeza, mikono nyuma, nikatangaza kwamba waya wa solenoidi umechomoka. Watu wakashangaa. Alfonsi naye akashangaa, ila kwa namna yake. Akauliza taratibu nimejuaje, na boneti bado haijafunguliwa. Nikamjibu kwamba fundi wa kweli husikia.

Nikarudisha waya. Nikakaza nati. Nikaikaza tena, ili waone nguvu. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya akina mama waliokuwa nyuma. Tak! Kijiti kinachoshika waya kikakatika, kikabaki mkononi mwangu pamoja na nati.

Nikasema kilikuwa kibovu tangu zamani. Mzee Abdurahmani, mwenyekiti wetu, akasema yeye amekiona kikikatika leo.

Jumatano, 5 Novemba

Alfonsi alisema inatakiwa solenoidi mpya ya volti ishirini na nne, maana lori lina betri mbili. Akataka kwenda kuitafuta. Kabla hajavaa viatu, nilikuwa nimeshadandia gari la samaki la kwenda Lindi. Njia nzima nimekalia tenga la samaki changu.

Muuza spea akauliza: kumi na mbili au ishirini na nne? Alfonsi alisema ishirini na nne. Kwa hiyo nilijua siyo. Nikachukua ya kumi na mbili. Tena inang'aa zaidi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilimkuta Bi Kadija ameketi juu ya kifurushi chake tangu alfajiri, kanga mpya, uso ameuelekeza kwenye barabara asiyoiona. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza, "Lori limepona, mwanangu?" Nikasema bado kidogo. Nikahisi kitu kinanichoma kifuani. Njaa, bila shaka.

Nikafunga solenoidi mwenyewe. Alfonsi nilimkataza hata kusogea. Injini ikawaka! Tukapita mkorosho wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu ikaja harufu kama maganda ya korosho yanayoungua, kisha moshi, kisha kimya. Kidude kimeiva!

Alfonsi akasoma maandishi ubavuni mwake. "Kumi na mbili," akasema. Kisha akasema tena, kwa wale ambao hawakusikia. Wanaume wakalisukuma lori kurudi, Bi Kadija akiwa ndani.

Mboni, mke wangu, hakunipakulia chakula.

Ijumaa, 7 Novemba

Akili yangu haichoki! Kinachofunga njia ya dizeli ni kichuma kidogo kama kidole, chenye springi, ndani ya solenoidi. Kikiondolewa, nani atafunga? Watu walipokwenda kuswali Ijumaa, nikabaki kukitoa. Mungu atanielewa, ni ujenzi wa taifa. Waliporudi nikapiga stata. Ikanguruma! Vigelegele! Hata Mboni alitabasamu.

Papo hapo akafika mgeni kutoka mkoani, aliyekuja kutuhutubia juu ya kujitegemea. Mwenyekiti akaniashiria nizime. Nikageuza ufunguo. Injini ikaendelea. Nikauchomoa. Ikaendelea. Nikautia mfukoni na kujifanya natazama korosho. Ikaendelea! Mgeni akahutubia kwa kupayuka, moshi wote ukimwendea. Tulisikia "kila mmoja wetu" na "jembe", basi. Nikapiga makofi. Kumbe alikuwa anakohoa.

Mwishowe Alfonsi akapanda, akatia gia kubwa, akakanyaga breki, akaachia klachi. Lori likaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, likazima. Hotuba ilikuwa imekwisha.

Akasema hivyo hivyo litafika Lindi, kulizima atajua yeye. Wakampakia Bi Kadija na Mboni. Nami nikapanda. Bi Kadija, ambaye haoni, akasema: "Huyo ashuke."

Jumatatu, 17 Novemba

Wamerudi. Bi Kadija alipasuliwa Jumamosi ile, mgonjwa wa mwisho kabisa. Kila ninayekutana naye ananikumbusha kwamba alikuwa wa mwisho. Sasa anaona! Amenitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Mboni kwamba alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Alfonsi amekuja na solenoidi ya volti ishirini na nne. Ameifunga kwa spana moja, chai yake haijapoa. Lori linawaka, linazima. Kazi isiyo na ubunifu wowote.

Kamati ya kijiji iliniita. Wakauliza tena nilijuaje habari za ule waya. Niwaache waamini ni bahati? Nikawaambia ukweli: niliuchomoa mwenyewe, kwa sekunde tatu, bila spana! Nilitegemea angalau mtu mmoja agune kwa kustaajabu. Mzee Abdurahmani akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Ghala wamenipokonya. Miezi mitatu nipalilie mihogo ya kijiji. Hapa kipaji ni kosa.

Lakini leo shambani nimesikia habari njema. Mashine ya kusaga inaletwa wiki ijayo! Mwendeshaji atakuwa Emerensiana, eti kwa sababu amesomea. Amesomea! Nimeulizauliza. Mashine ina mkanda mmoja mrefu. Ukilegezwa kidogo tu, haisagi.

Na nani atatokea kuukaza?