Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kugawa Gambuti Kariobangi

Mgeni wa heshima, ambaye amekawia njiani. Wachungaji wa madhehebu yote. Mzee Ndeti wa mtaa. Askari kanzu mliojificha nyuma ya kioski, karibuni mbele. Kwaya ya akina mama, ambayo imeimba vizuri, ingawa kwa muda mrefu. Wananchi watukufu wa Kariobangi, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Kikohozi.)

Mimi, Zedekiah Wamalwa, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Ustawi wa Miguu, nasimama kwa ule unyenyekevu ninaosifiwa nao kila mahali, kuripoti juu ya ombi la akina mama wanaozibua mitaro yetu, waliolalamika kwamba chupa zinawakata, maji machafu yanawaozesha vidole, na masika ndiyo hiyo imefika. Kamati haikulala. (Makofi, jukwaani tu.) Iliunda sabkamati, sabkamati ikafanya savei, na matokeo ni ya kisayansi: pasenti tisini na tisa ya wakazi wana viatu. Aliyebaki alikuwa anaoga.

(Mama Truphena Aoko, mzibua mitaro, anasimama, bendeji mguuni, akionyesha viatu vyake vya tairi: "Mheshimiwa, hizi ni akala! Sisi tuliomba gambuti!")

Keti, mama. Akala si kiatu? Slipas si kiatu? Hata raba ya Bwana Phares hapo mbele, ambayo kidole chake kinatusalimia, ni kiatu. Gambuti nayo ni kiatu. Sasa mtu mwenye kiatu akiomba kiatu, sisi katika utawala tunaita hiyo duplikesheni.

("Lakini maji yanaingia!")

Na yanatoka, mama. Kwenye gambuti yakiingia hayatoki. Hilo ni suala la kiufundi.

("Wiki jana nimeshonwa! Daktari amesema nikikatwa tena, mguu unaenda. Nitalisha watoto na nini?")

Kamati imenoti kwa masikitiko. (Minong'ono.) Maendeleo juu! Miguu juu! (Mzee Ndeti anainua wake, anashikiliwa asianguke.)

Namalizia kwa shukrani. Asanteni kwa kuja kupokea gambuti ambazo, kufuatia savei, hazikuagizwa. Na asante za pekee kwa Mama Truphena, aliyeikabidhi kamati gambuti zake, pea pekee aliyokuwa nayo, ziwe sampuli. Mama, ni imara sana. Ndizo nilizovaa kuvukia mtaro leo.