Cheni ya Babu na Gia za Mjukuu

Nkololo,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Baiskeli,
Bariadi Mjini.

YAH: CHENI YANGU KUKATALIWA NA GIA ZA MKE WANGU

Ndugu Mwenyekiti, mwangaluka. Kama barua hii utaisoma alasiri, basi mwadila, chagua mwenyewe. Hapa kwetu tu wazima, pamba imeshatoka shambani, na mimi ninayekuandikia natembea kwa miguu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jina langu ni Athanasi Masunga. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza polepole, ili wewe uliyesoma zaidi usije ukanipita ukaniacha njiani.

Nina baiskeli nyeusi ya gia moja. Ndiyo niliyoolea. Mke wangu Milembe nilimtoa kwao Maswa amekaa kwenye karia yake, sanduku mapajani, nikamfikisha hapa bila kumwangusha. Tangu siku hiyo baiskeli ile haijawahi kuniomba kitu zaidi ya mafuta. Mwaka jana mwanetu Sylvester, ambaye ni mwalimu Mwanza, alimletea mama yake baiskeli nyekundu ya gia saba. Mimi aliniletea shati. Milembe anaitumia kwenda kwaya na kwenda kwenye majaruba yake ya mpunga, na kwenye kile kilima cha sokoni ananipita amekaa wima, anaimba, wakati mimi nimesimama juu ya pedali natweta kama ng'ombe aliyekunywa maji mengi.

Basi alipokwenda msibani siku tatu, nilizifungua gia zake za nyuma nikazifunga kwenye baiskeli yangu. Foko ya nyuma ilikuwa nyembamba, nikaipanua kwa mchi. Cheni niliacha yangu, maana tumezoeana. Kile kidude cha kwenye usukani cha kubonyezea gia, cha Milembe kilinishinda kufungua, nikaomba cha jirani yangu Salu, kilichobaki kwenye baiskeli yake ya zamani ya gia sita. Kwa hiyo baiskeli yangu ikawa na cheni ambayo ni babu, kidude ambacho ni baba, na gia ambazo ni mjukuu. Ukoo mzima umekamilika. Ukakataa kwenda.

Milembe aliporudi aliikuta nyekundu imeegemea ukuta, nyuma hakuna kitu, kama kuku aliyenyonyolewa mkia. Hakugomba. Alifunga begi lake, akapanda basi kwenda kwa mdogo wake Ng'washi, kule Binza, na pale mlangoni akasema: "Siku baiskeli yangu itakaporudi ilivyokuwa, na mimi nitarudi nilivyokuwa."

Hii ni wiki ya sita. Ugali napika mwenyewe. Mbwa amehamia kwa Salu.

Mtu mwingine angerudisha gia yakaisha. Lakini nikizirudisha nitakuwa nimekiri kwamba nilikosea, na mimi na Milembe tumeishi miaka arobaini na mitatu bila kuanzisha jambo la namna hiyo. Njia iliyobaki ni baiskeli yangu ikubali kwenda, ili nimfuate nayo Binza nikiwa sahihi. Anayenizuia ni mwanachama wako Deogratias, fundi wa hapa sokoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Deogratias aliigusa cheni yangu kwa kidole kimoja, akasema mbele ya watu: "Mzee, hivi ni vizazi tofauti. Haviendani." Akaeleza kwamba cheni yangu ni nene, gia za siku hizi zimebanana, kwa hiyo cheni haizami kwenye meno, inakaa juu juu kama mgeni asiyejua kama atalala. Sikatai kwamba inakaa juu juu. Nakataa sababu. Kwetu sisi babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wangu humwita Milembe mke wake, na mimi huniuliza nitahama lini kwenye nyumba yake, kisha tunacheka na kula sahani moja. Wanaokaa kwa kuogopana ni baba na mtoto. Kwa hiyo kama kuna ugomvi ndani ya baiskeli, mkosaji ni yule baba wa katikati, kidude cha Salu. Fundi asiyejua ukoo unakaaje, gia atazijulia wapi?

2. Nilimchunguza yule baba. Ukibonyeza mara moja, cheni inahama gia moja na kitu. Ukibonyeza tena, gia mbili na kitu. Hicho kitu sijui kinakaa wapi, maana pale hakuna gia, kuna kelele tu. Deogratias anasema kidude cha gia sita huvuta waya kwa hatua ndefu kuliko zinazotakiwa na gia saba. Nikasema huyo ni baba kweli, anataka watoto watembee kwa hatua zake. Nikamfukuza. Mwisho wa waya nikafunga kamba, na kamba nikaishika kwa meno. Nikirudisha kichwa nyuma, gia inapanda. Nikilegeza, inashuka. Siku hiyo, Mwenyekiti, nilikwenda vizuri kutoka kwangu mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Hapo kwenye mashine nikamkuta Veronica, mama aliyemzaa mke wa Sylvester, mtu ambaye sijawahi hata kukohoa mbele yake. Nawe ni mtu wa huku, unajua mkwe hapitwi kimya kama unavyopita kichuguu. Nikafungua mdomo nimwamkie kama mama: "Mwangaluka, mayu." Nilipofika kwenye mayu, kamba ilikuwa imeshaondoka. Gia zikashuka zote kwa mkupuo, cheni ikaruka ikabanwa kwenye foko, nami nikatua miguuni pake, kofia ikitangulia. Kwa heshima yake aligeuka akatazama mashamba mpaka nikasimama. Hajamwambia mtu, na hilo ndilo linaloniuma, maana kila Jumapili kanisani namwona jinsi anavyoitunza ile siri.

Ni kweli Deogratias alinikataza nisiondoke na kamba mdomoni. Lakini alinikataza kwa sauti ndogo.

3. Kila msimu wa kulima nafunga nira moja, upande huu maksai mzee, upande ule dume changa lisilojua kitu. Siku ya kwanza linavuta kando. Siku ya pili linapigwa bega na mwenzake. Siku ya tatu wanatoa mstari ulionyooka. Hakuna bwana shamba aliyewahi kuja kuniambia kwamba hao ni vizazi tofauti. Basi na cheni nikaipa siku tatu zake, nikaizungusha uwanjani kwangu bila kuipeleka mbali. Siku ya nne nikakuta imekata jino la gia ya tatu. Nilipompelekea Deogratias hoja ya maksai, alijibu kwamba ng'ombe ana akili. Hayo ni matusi kwa cheni yangu, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za Umoja.

4. Nilimpigia Milembe kwa simu ya Salu, nikamwambia baiskeli yake iko tayari. Akaomba picha. Salu akaipiga ile nyekundu kwa upande wa kushoto, ikatoka nzuri, inang'aa. Baada ya muda mfupi Milembe akapiga simu, akasema maneno manne tu: "Piga upande wa cheni." Akakata. Waliotengeneza baiskeli wakaweka mambo yote upande mmoja, waliwafikiria wanawake peke yao. Mwanamume hakuachiwa hata upenyo wa kujitetea.

Kwa hayo yote naomba Umoja wako umwagize Deogratias aache neno "haviendani" na badala yake aseme "havijazoeana". Naomba kila gia inayoingia dukani iwe na cheti cha kuzaliwa, ili tujue nani amwamkie nani. Naomba watengenezaji wa cheni na watengenezaji wa gia waitwe hapa Nkololo kwenye kikao cha usuluhishi, walipe faini ya dume mmoja, tumchinje, wale pamoja, na asiyeshiba asiondoke. Na mpaka hapo watakapopatana, naomba iwe marufuku mume na mke kukaa nyumba moja na baiskeli zenye idadi tofauti ya gia. Mtoto akitaka kuwaletea wazazi wake gia, alete za wote wawili. Shati halipandi kilima.

Nisalimie mafundi wote wa hapo mjini na wake zao, kama bado wapo. Nisalimie na anayekupikia chai, na wateja wanaosubiri kwenye benchi. Deogratias akifika kwenye mkutano naye msalimie, ila salamu yake iwe fupi.

Ni mimi, ninayesubiri majibu nikiwa kwa miguu,

Athanasi Masunga.

N.B. Barua hii imekaa siku mbili kwa kukosa wa kuileta. Jana kwaya ilipita hapa ikifanya mazoezi, bila ile sauti ya juu ya Milembe, na wimbo ulikuwa kama baiskeli yake, nyuma hakuna kitu. Nikaingia ndani nikatoa spana. Gia nimezirudisha kwenye nyekundu, na cheni yake mwenyewe, na waya wake mwenyewe. Zinaingia laini mpaka aibu. Lile jino lililokatika nitamwambia kwa mdomo wangu, tena nikiwa nimeshuka chini. Kwa hiyo barua naileta mwenyewe, nikipitia hapo Bariadi kwenda Binza kumchukua.

Shida ni moja, nyekundu haina karia. Nimeifungua karia ya ile nyeusi nikaifunga kwenye nyekundu kwa mpira wa tyubu. Deogratias ameitazama muda mrefu, akaongeza mzunguko mmoja wa mpira, hakusema neno. Nawe nakuomba usiseme. Milembe akikataa kuikalia, nitaikalia mimi, yeye aendeshe. Kilima anakiweza.