Magoli Niliyofungwa Nikiwa Sipo

Kibanda cha Funguo na Makufuli,
Nyuma ya duka la chapa.
Ijumaa.

Kwa Mwenyekiti,
Timu ya Mpira ya Mafundi.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: KUTENGANISHWA RASMI NA MWANASESERE

Nakusalimu kwa heshima na utulivu, ingawa utulivu wenyewe nimeuazima. Ni mimi kipa wako namba moja, yule fundi makufuli mnayemwita Komeo. Natumaini u mzima, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi. Mimi pia ni mzima, ukiniangalia mimi mwenyewe. Ukimwangalia yule mwingine, si mzima hata kidogo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unaijua ile meza ya mpira iliyoko barazani kwa Kinyozi, yenye vyuma na vipini, na wachezaji wadogo wa plastiki waliotobolewa ubavuni. Miaka yote wale wachezaji hawakuwa na sura, wala hawakumkera mtu. Kisha mwenzetu Fundi Stika wa duka la chapa akakaa, akawaza, akaona ni vyema kila mwanasesere apewe sura na jezi ya mchezaji halisi: upande mmoja sisi Mafundi, upande wa pili Madereva, mahasimu wetu. Siku ya kupigwa picha nilichana nywele. Alizipunguza picha kwenye kompyuta mpaka zikawa kama ukucha, akazichapa kwenye ile karatasi yenye utando, akazikata kwa wembe, akazilowesha kwenye sahani ya maji mpaka utando ukateleza, akambandika kila mwanasesere picha yake, akakandamiza kwa pamba na kupaka juu yake ile rangi ya kucha isiyo na rangi ili zisibanduke. Kazi safi. Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, jambo linaloniuma mpaka leo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimewekwa uchi. Fundi Stika aliwapaka kwanza wanasesere wote rangi ya kahawia, ili ngozi zitoke kama zetu. Alichosahau ni kwamba mashine yake ya kuchapa haina wino mweupe. Penye weupe haichapi kitu, huiachia karatasi ijazilize. Na ule utando ukishaachana na karatasi, hapo penye weupe hubaki wazi kama kioo. Jezi ya wenzangu ni bluu iliyokoza, imetoka vizuri. Jezi ya kipa, kama unavyojua maana uliichagua wewe, ni nyeupe. Kwa hiyo mimi nimesimama golini kifua wazi, tumbo wazi, na namba moja nimeandikwa kwenye ngozi ya mgongo kama ng'ombe. Bukta nayo ilikuwa nyeupe. Sitaendelea.

Jicho la mtu pia lina weupe wake. Nao umepotea, na sasa naonekana nimefumba macho. Wenzangu nao wamefumba, lakini beki akifumba macho watu husema anavuta pumzi. Kipa akifumba, amelala.

2. Nafungwa kwa mikono ya watu. Mwanasesere hana mikono ya kudakia, yake imeganda mapajani. Haruki wala hapangui. Ana chuma ubavuni, mwisho wa chuma pana mpini, na mpini hushikwa na yeyote anayesubiri kunyolewa. Wiki iliyopita nilishikwa na bwana mmoja mwenye povu nusu ya kidevu, ambaye jicho moja lilikuwa kwenye mpira na la pili kwenye zamu yake. Nilifungwa matano. Saa hiyo mimi nilikuwa kibandani nachonga ufunguo, na mteja mwenye ufunguo ni shahidi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, na langu lilikuwepo, tena limebandikwa.

3. Lawama zimenifuata kazini. Muuza mikate siku hizi huitikia salamu yangu kwa pua. Mama mmoja mtu mzima aliniletea kitasa nikitengeneze, akaniangalia, akakirudisha mkobani. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba hana ubaya na mimi, ila asubuhi ameniona nikipitisha mpira, na mpira hauna nia mbaya. Sasa mwizi mwenye nia itakuwaje? Nilimwambia swali ni zuri. Mama yangu mzazi naye amepiga simu kuuliza kama ninakula vizuri, kwa sababu habari zilizomfikia ni kwamba nasimama barazani kwa watu bila shati.

4. Msaada umezidisha maradhi. Mchumba wangu, kama unavyojua, ni binti wa Kinyozi na anauza kwenye duka la dawa. Alipomwona yule mwanasesere alicheka mpaka akashikilia ukuta, kisha akaingiwa na huruma, akakata kipande cha plasta nyeupe na kumvisha kifuani kiwe shati. Ukisogea karibu, kweli ni shati. Ukisimama pale anaposimama Kocha, ni bandeji. Jioni hiyohiyo Kocha akatangaza kwamba nimevunjika mbavu. Nilimfuata, nikaruka mbele yake, nikadaka kofia yake hewani kwa mkono mmoja. Akanipongeza kwa moyo wa kijeshi, akasema wachezaji wengi huficha maumivu ili wasipoteze namba, akaniamuru nikalale. Nafasi yangu amepewa kipa wa akiba, ambaye mwanasesere wake hajapata kutolewa kwenye droo ya mashine za kunyolea. Kocha anasema yule bwana hajaruhusu goli hata moja msimu huu. Ni kweli, hajaruhusu.

5. Nimepinduliwa shingo. Dereva mmoja alishangilia goli kwa kuipiga meza ngumi, kichwa changu kikang'oka na kubingirika mpaka chini ya kiti cha wateja, kwenye nywele. Fundi Stika alikigandisha kwa gundi huku akiitwa dukani, na haraka haraka haina baraka: kikaganda kikitazama nyuma. Tangu hapo nautazama wavu wangu mwenyewe na kuupa mpira kisogo. Watu wenye akili zao, wenye wake na watoto, wameanza kunong'ona kwamba nimenunuliwa na Madereva. Nikiwauliza ushahidi wananiambia niangalie shingo yangu.

6. Hili ndilo kubwa, mengine nimeyatanguliza ili usianguke. Kinyozi hajawahi kuniona nikicheza uwanjani hata siku moja. Mechi zetu ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ambayo watu wote hukumbuka kwamba wana nywele. Anachokijua kuhusu ukipa wangu ni kile tu kinachotokea barazani, hatua chache kutoka kiti chake. Kila goli hugonga kibati cha nyuma ya meza, na kila kinapogonga, mkasi wake husimama. Mwezi huu wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane kuzungumza habari zetu, mimi na binti yake. Kikao kimeahirishwa na hakuna aliyetaja siku nyingine.

Nilikwenda kumwona, nimevaa shati na kulifunga mpaka kifungo cha juu. Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akanifunga kitambaa shingoni, akaniambia akiwa nyuma yangu na wembe mkononi: "Mwanangu, tabia yako naipenda. Lakini sitamtoa binti yangu kwa mtu ambaye adui akija, yeye anatazama nyuma." Nilitaka kugeuka nimjibu. Nikauona wembe, nikatazama mbele, na hata hilo halikunisaidia.

Na kuna jambo la kutonesha kidonda. Namba tisa wa Madereva, ambaye uwanjani hutweta akifunga kamba za viatu, mezani ametoka na jezi nyeusi inayong'aa na kidevu cha mwanamume wa maana. Anafunga kila siku. Kinyozi ameanza kumwita kijana wangu, na juzi alimuuliza kama ana wazazi wote wawili.

Nampenda yule binti, Mwenyekiti. Naliandika kwenye barua rasmi kwa sababu nikilisema barazani wanacheka. Amenivumilia na mikono yangu yenye mafuta ya makufuli, na hucheka kabla sijamaliza vichekesho vyangu ili nisiviharibu mwishoni. Sitaki kumkosa kwa sababu ya upungufu wa wino.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba:

(a) Libandikwe tangazo mezani, lenye muhuri wa timu, kwamba mimi na yule mwanasesere hatuna undugu wowote, wa damu wala wa plastiki, na kwamba alifanyalo yeye ni lake peke yake.

(b) Kocha azuiwe kupanga kikosi kwa kuangalia meza.

(c) Fundi Stika anibandue, apake rangi nyeupe kwanza penye shati, bukta na macho, ndipo anibandike upya. Kichwa kielekee waendako wenzangu.

(d) Wewe mwenyewe, kwa cheo chako, umfikie Kinyozi na kumweleza kanuni ambayo kila mwenye akili anaikubali: mtu hupimwa kwa alichokifanya yeye, kwa mikono yake, uwanjani, watu wakimwona. Hapimwi kwa picha yake. Tukiruhusu picha imjibie mtu, hakuna atakayebaki salama. Hata wewe umebandikwa pembeni ya meza, kwenye kile kijukwaa cha mbao, na nimemsikia mteja akilalamika kwamba tangu uwekwe pale hujawahi kusimama na kushangilia.

Ni matumaini yangu kwamba utalipa jambo hili uzito, hasa ukizingatia uzito wa mwombaji na udogo wa mshitakiwa. Nisalimie shemeji nyumbani, mweka hazina, mabeki wote wawili hata yule asiyerudi nyuma, na muuza mikate akikuitikia. Fundi Stika pia msalimie, simchukii, ana kipaji. Watoto wabusu.

Ni mimi, mwenye mikono inayokunjuka,

Komeo
Kipa, wa nyama na mifupa

NYONGEZA, Jumapili jioni:

Ijumaa nilikuta mlango wako umefungwa, na kwa heshima ya kazi yangu sikuufungua. Barua imebaki mfukoni, na mambo yamesogea.

Jana Madereva walikuja barazani kwa fainali ya mezani. Ngoma ilikuwa sare mpaka mpira wa mwisho. Namba tisa akaachia kombora, likanigonga mimi, likarudi meza nzima bila kuguswa na mtu, likaingia kwao. Mzee Kinyozi alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja, akaja mwenyewe mpaka kibandani, akanishika mikono yote miwili na kuniambia nimemtoa machozi mbele ya watu. Wazee wanakutana Jumamosi ijayo. Aliniuliza nimewezaje, nikamwambia siri ni mazoezi na kulala mapema.

Kocha naye alisikia, na leo akanirudisha golini. Uliona. Tulifungwa saba. La nne lilipita katikati ya miguu yangu, na aliyelipiga ni namba tisa, tena alikuwa anatembea.

Kwa hivyo naomba maombi (b), (c) na (d) yafutwe, na Fundi Stika asithubutu kunigusa. Ombi (a) libaki, ila tangazo lipelekwe uwanjani: mimi na yule aliyekuwa golini leo hatuna undugu, na alilolifanya ni lake peke yake. Kuhusu ile kanuni ambayo kila mwenye akili anaikubali, tangu jana nimekutana na watu kadhaa wenye akili wasioikubali, na mmoja wao ni baba mkwe wangu.

Kesho asubuhi atakuwa na wateja, na wateja wana midomo. Akikuuliza nani alisimama golini, tafadhali mwambie ni mtu tuliyemwazima kutoka mtaa mwingine, na kwamba amekwisha rudi kwao.